Nusu Hatua ya Mwanga

3 Machi

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ameniomba niandike kila ninachokiona studio, hata kama ni upuuzi. Nimemwambia upuuzi ndio utakaokuwa mwingi. Yeye na wenzake wanatengeneza kamera isiyo na lenzi ya kioo wala filamu, na anataka kujua kwa nini wapiga picha wa zamani wakiishika wanakunja uso kama waliolamba ndimu. Mimi nilifundisha upigaji picha chuoni mpaka nikastaafu, kwa hiyo ameniona daraja linalofaa. Nikamkumbusha kwamba daraja hukanyagwa na watu wa pande zote mbili.

Nieleze chombo chenyewe kwanza. Studio ilikuwa ghala la marobota, ina paa la bati na sakafu tupu. Ndani ya kompyuta kuna nyumba nzima: ukumbi mrefu wenye giza, mlango, barabara, jua. Waigizaji walirekodiwa zamani, wakiwa wamevaa nguo zenye vitambuzi, na miendo yao imehifadhiwa humo. Mtu anaweza kuirudia hata mara mia bila mwigizaji kudai mapumziko. Kilichobaki ni kupiga picha. Mpiga picha anashika fremu ya chuma yenye vishikio viwili na skrini ndogo katikati, anatembea kwenye ile sakafu tupu, na skrini inamwonyesha kama yumo ndani ya nyumba. Akiinama, picha inainama. Ukichungulia kutoka mlangoni utaona mzee mzima anazunguka chumba kitupu amekumbatia dirisha.

Mzee huyo ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Watu wanamwita Bwana Nusu.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Chini ya bati lile hatukusikilizana.

5 Machi

Kuhusu jina lake. Katika kazi yetu mwanga hupimwa kwa hatua. Ukiifungua lenzi hatua moja, mwanga unaoingia unakuwa maradufu; ukiifunga hatua moja, unabaki nusu yake. Basi. Anayeelewa hilo ameelewa mwaka mzima wa masomo yangu, na ada yake ilikuwa bure. Shemeji alikuwa na tabia ya kungoja kila mtu aridhike, mwongozaji amekwisha kusema sawa, ndipo aseme, "Fungeni nusu." Nusu hatua. Siku ya harusi yangu alionja mchuzi akamwambia mpishi apunguze chumvi nusu, na mpishi hakuja kumsalimia tena.

Tuna mchezo wetu tangu ujana. Kabla ya kuingia kazini tunasimama nje, kila mmoja anakisia mwanga wa asubuhi hiyo, kisha tunatoa kipima mwanga chake cha sindano. Aliyekosea zaidi ananunua chai. Nimenunua chai miaka mingi kiasi cha kuwasomeshea wauza chai watoto.

Leo nimeshinda. Alikisia giza zaidi kuliko lililokuwapo. Nilifurahi kupita umri wangu.

6 Machi

Mvua. Nimeshinda tena.

11 Machi

Siku ndefu. Mpwa alimkabidhi Bwana Nusu kamera rasmi na kumwonyesha vidhibiti vya mwanga, ambavyo viko pembeni mwa skrini: alama ndogo unayoisogeza kwa kidole, na tarakimu chini yake zenye nukta na desimali. Ukiisogeza juu, tarakimu inapanda na picha inakuwa nyeusi. Shemeji aliisogeza juu, akaona giza, akaishusha, akaona mwanga, akamtazama mpwa kama mtu aliyefungua bomba la maji baridi akaunguzwa.

Mpwa alieleza kwamba kwa hesabu ni sahihi. Na ni sahihi, nimehakikisha mwenyewe. Tarakimu hiyo inaeleza ukali wa mwanga ulioko mbele ya kamera. Kamera ikiambiwa mbele kuna mwanga mkali, inajikinga. Lakini mkono wa mpiga picha haujui hesabu hiyo. Mkono unajua pete ya lenzi: upande huu unafungua, upande ule unafunga. Nimemwandikia mpwa hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Fundi taa alikuwapo. Ndiye pekee anayelipwa kukaa, maana humo ndani hamna taa ya kubeba. "Wazee wangu," alisema, "siku hizi jua linawashwa kwa kidole. Mimi nimebakiza birika tu, na hilo nalo nasikia linajizima lenyewe."

14 Machi

Bwana Nusu amekuja na lenzi yake ya zamani kwenye mfuko wa kitambaa ili mpwa aione. Lenzi ya sinema haitoi mbofyo kila hatua; pete yake huzunguka laini kama mafuta, isipige kelele wala kushtua picha. Kwa hiyo yeye alibandika nyuzi kwenye pete, uzi uliochovywa kwenye gundi, mmoja kwa kila hatua, na mwembamba zaidi katikati kwa ajili ya nusu. Alikuwa akizihesabu kwa kidole gumba huku jicho liko kwenye kitundu cha kamera.

Mpwa alipapasa zile nyuzi kwa muda, akaziita nzuri, akairudisha lenzi. Mimi niliona ni mazoea tu, kama mtu anayegonga meza kabla ya kusema. Nimeandika: nyuzi, kumbukumbu ya hisia, si lazima.

19 Machi

Kuna jambo linamsumbua na halisemi.

Tunapiga majaribio ya tukio kubwa la filamu, ambalo ni moja tu, lisilokatwa. Mama anatoka mwisho wa ukumbi wenye giza, anatembea mpaka mlangoni, anafungua, anatoka juani na harudi. Kamera inamfuata mgongoni njia nzima. Kutoka kwenye ukumbi mpaka kwenye jua ni tofauti ya hatua nne. Mpiga picha lazima afunge lenzi, ambayo humu ni alama nyingine tu kwenye skrini, polepole kadiri mama anavyoukaribia mlango, ili uso wake, anapogeuka kidogo, usipotee ukumbini na barabara isiungue nje. Katika ujana wake tukio kama hilo lilikuwa mkate wake.

Leo alikosa mara zote. Alifungua mahali pa kufunga. Alisimama katikati ya sakafu, akafumba macho, akafumbua, akaanza upya. Mara mbili alipapasa kishikio kwa kidole gumba, kama anayetafuta kitu kilichokuwa hapo. Mwongozaji, mwanamke mpole lakini mwenye saa mkononi, alisema watapumzika. Hakuna aliyechoka.

20 Machi

Mvua toka alfajiri. Chai ya bure. Kwa kweli naona jicho langu limeanza kukomaa uzeeni.

24 Machi

Mwongozaji aliniita pembeni, chini ya ngazi. Alisema yeye ndiye aliyemtaka Bwana Nusu, dhidi ya ushauri wa wenye studio, waliotaka kazi yote ifanywe na binti anayepiga picha za michezo ya kompyuta, ambaye kamera hii ameizoea kama kijiko. Amewaomba wasubiri mpaka mvua ziishe. Mvua zikiisha na tukio la mama halijapatikana, binti ataichukua filamu nzima, na shemeji atashukuriwa mwishoni, kwenye yale majina yanayopita watu wakitafuta viatu.

Aliniuliza kama ni mzee mno. Nikamjibu kwamba swali hilo nimelisikia pia likiulizwa juu yangu, na jibu hutegemea kazi yenyewe. Hakucheka.

Shemeji hajapiga filamu kwa miaka. Nyumbani kwake simu hulia kwa ajili ya wanawe. Msimu huu amenyoosha mashati yake mwenyewe kila asubuhi.

27 Machi

Amekuja kwangu alasiri, amelowa, akakataa taulo. Nikaweka maji jikoni. Alikaa kwenye kiti alichokuwa akikalia dada yake, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Shemeji," alisema, "kesho nawaachia kamera yao."

Nilimuuliza sababu. Alieleza polepole, kama mtu anayetoa ushahidi. Anafungua lenzi, picha inang'aa, kisha inafifia yenyewe mpaka pale ilipokuwa. Anageuka kuelekea mlango, barabara inaungua, halafu inatulia bila yeye kugusa kitu. Anarudi ukumbini, giza totoro, halafu giza linalegea. Kama kitu kinachovuta pumzi. Mwanzoni alidhani ni uchovu. Sasa anajua.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Na mpiga picha asiye na macho ni mpagazi wa kamera."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mpwa.

"Nimwambie nini? Picha yako inapumua? Angenipa namba ya daktari."

Maji yalichemka mpaka yakakaukia. Nilimwomba kitu kimoja tu, aje kesho kabla ya kuaga, na alete kipima mwanga.

28 Machi

Naandika kwa kirefu kwa sababu leo nimefanya kazi ya ualimu, na sijaifanya muda mrefu.

Kanuni ni hii. Jambo likitokea mbele ya mtu mmoja tu, huenda limo ndani yake. Likitokea mbele ya kitu kisicho na macho, basi limo kwenye jambo lenyewe. Nilimwomba mpwa anijengee ukuta mtupu wa kijivu ndani ya kompyuta, jua moja lisilosogea, na kamera iwekwe juu ya meza ili mtu asiitikise. Alifanya hivyo kwa muda ambao mimi ningetumia kutafuta miwani. Kisha nikachukua kipima mwanga cha shemeji na kukiegemeza kwenye skrini.

Sindano ikatulia. Nikamwambia mpwa afungue lenzi hatua mbili, halafu aweke mikono mfukoni. Sindano ikapanda. Sote tuliitazama. Kisha, bila mtu kugusa, ikaanza kushuka, taratibu, kama mzee anayekaa kwenye kiti, mpaka ikarudi pale pale ilipokuwa.

Bwana Nusu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimsikia akivuta hewa.

"Mnaona?" nikasema. "Na sindano haina macho."

Mpwa alishangaa kwamba tunashangaa. Alieleza bila wasiwasi: ni kawaida, Mjomba, kila mchezo wa kompyuta una hiyo. Kompyuta inaangalia picha yake yenyewe na kujirekebisha. Mchezaji akiingia pangoni, picha inazoea giza. Akitoka, inazoea jua. Lenzi ya kwenye skrini mwishowe inabadilisha tu ukungu wa nyuma ya mtu. Mwanga unasimamiwa na kompyuta ili asiyejua asiharibu picha. "Tumeiga jicho la binadamu," alisema. "Ni msaada."

Shemeji aliuliza kwa upole uliokuwa na ncha. "Jicho la nani, mama?"

Mpwa aliinua macho kutoka kwenye skrini.

"Maana macho nilikuja nayo," shemeji akaendelea. "Nilikuwa naomba dirisha."

Mpwa hakukasirika, na hapo ndipo nilipojua atafika mbali. Alikaa chini sakafuni, miguu ameikunja kama alivyokuwa akikaa utotoni, akawaza kwa sauti. Alisema wapiga picha wote waliokuja kabla ya huyu waliirudisha kamera wakasema ni nzuri, asante, na hawakurudi. Alidhani hawapendi vitu vipya. Akahesabu kwamba kila mmoja wao huenda alikwenda nyumbani akijilaumu.

Nadhani kosa hili lisingeweza kufanywa na watu wengine isipokuwa hawa wawili. Mpwa aliona jambo hilo ni wazi mno hata halihitaji kusemwa. Shemeji aliona ni aibu mno hata haliwezi kusemwa. Na kamera ikaendelea kupumua katikati yao.

Kabla ya saa ya kufunga mpwa alikuwa ameuzima ule msaada. Fundi taa alileta chai ya wote, akasema sherehe ni sherehe hata kama hakuna balbu iliyobadilishwa. Mwongozaji alimpa shemeji mkono na kumwambia macho yake ni mazima.

Shemeji alijibu, "Sawa."

29 Machi

Nimelifikiria lile "sawa". Mtu aliyefutiwa shtaka halisemi kwa sauti ile.

2 Aprili

Mpwa amepanga upya kila kitu. Desimali zimeondoka. Skrini inaonyesha hatua tu, na ukifungua lenzi picha inang'aa na kubaki hivyo hivyo mpaka mtu aamue vingine. Kuna duara dogo katikati: ukilielekeza usoni mwa mama linakwambia yuko hatua ngapi juu au chini ya wastani. Nimemweleza kwamba hicho ndicho kipima mwanga, ila hakihitaji mfuko.

Bado vidhibiti viko kwenye kioo, vinaguswa kwa kidole. Shemeji anagusa kando, anasogeza kingine. Afadhali kuliko mwanzo. Haitoshi.

Nje tulikisia kama kawaida. Alikosa hatua moja na zaidi, upande wa giza. Alinunua chai bila maneno.

7 Aprili

Mvua kubwa, barabara imekuwa mto wa tope. Kazi hakuna. Chai hakuna.

9 Aprili

Leo anga lilikuwa jeupe, lile jeupe la mawingu mepesi linaloumiza macho. Nilikunja uso. Shemeji alisimama kando yangu amefumbua macho wazi kabisa, akakisia mwanga wa jioni.

Nikanunua chai mimi, ingawa nilishinda. Hakuuliza kwa nini, na kutouliza kwake kulinijibu.

Mwalimu mzima nimesahau somo la kwanza la vipimo. Kosa linaloyumba huku na huku ni bahati mbaya. Kosa linaloelekea upande mmoja kila siku lina sababu. Msimu wote nimekunywa chai ya bure nikijisifu kwamba jicho langu limekomaa, na lililobadilika halikuwa langu.

12 Aprili

Nilimwendea nyumbani kwake. Alikuwa anapiga pasi. Nilimwambia nimekuja kwa habari ya chai.

Aliiweka pasi pembeni, akaichomoa kwenye umeme kabla ya kujibu. Ni mtoto wa jicho, jicho la kulia, lile aliloliweka kwenye kitundu cha kamera maisha yake yote. La kushoto limeanza kumfuata mwenzake. Daktari alimwambia kabla ya mvua. Upasuaji wake ni mfupi, watu wanaingia na kutoka siku hiyo hiyo, lakini baadaye ni wiki kadhaa za kutoinama wala kubeba kitu, na kamera ile ni kubeba na kuinama.

"Nikienda sasa, nikirudi filamu ina mwenyewe," alisema. "Nikimaliza, nitakwenda hata kesho yake. Wasifikiri tu kwamba mzee alikuwa anapapasa."

Nikamuuliza kama anauona uso wa mama kwenye skrini.

"Namwona. Kama kupitia kioo cha bafuni, lakini namwona. Ninachopoteza ni vile vidhibiti, shemeji. Natumia macho niliyobakiza kutafuta vidhibiti, halafu sibakizi ya kumtazama yeye."

Aliniomba nisiseme. Nimekubali. Mpwa ataona kurasa hizi zinaruka kutoka tarehe saba, na atadhani nimekuwa mvivu.

13 Aprili

Nilimwambia mpwa jambo moja, ambalo ni kweli tupu. Nilimwambia kidhibiti kizuri ni kama swichi ya jikoni kwake mwenyewe: umeme ukikatika hutafuti mshumaa ili ujue ilipo. Kidhibiti kinachotaka kutazamwa kinamnyang'anya mpiga picha kile alichokuja kutazama. Nikamwomba radhi pia kwa lile neno nililoandika juu ya nyuzi, si lazima. Ni lazima.

"Kwa hiyo nitengeneze pete," alisema.

Nikamwambia pete.

15 Aprili

Pete imechapwa kwa mashine yao ya plastiki na kufungwa kwenye kishikio cha kushoto, mahali kidole gumba kinapolala chenyewe. Inazunguka laini. Bwana Nusu alileta nyuzi na gundi, akakaa kwenye sanduku tupu akazibandika mwenyewe: nene kwa hatua, nyembamba kwa nusu. Mpwa alimshikia taa. Yule binti wa michezo ya kompyuta naye alikuja kuijaribu, akafumba macho, akaizungusha mbele na nyuma, akauliza kama anaweza kupata yake. Sikutegemea hilo.

16 Aprili

Mvua ilipiga bati tangu asubuhi, lakini hatukurekodi sauti, kwa hiyo haikudhuru. Chumba kilizimwa taa. Wenye studio walikuja wawili, wakasimama ukutani na makoti yao.

Mama alitokea mwisho wa ukumbi. Shemeji akaanza kutembea. Mimi nilikuwa nyuma ya mpwa, kwenye skrini kubwa, ambako lile duara linaonyesha hatua. Nitaeleza nilichokiona kwa mpangilio.

Ukumbini alikuwa amefungua lenzi sawasawa. Uso wa mama, alipogeuka kidogo kutazama chumba anachokiacha, ulikuwa pale unapotakiwa. Shemeji hakuitazama pete hata mara moja. Kichwa chake kilikuwa kimenyooka, mwili unapita kwenye sakafu tupu kama umebeba bakuli la maji. Mama alipofika nusu ya ukumbi, kidole gumba kikavuka uzi wa kwanza. Kisha wa pili. Mlango ulipofunguka, wa tatu. Mwanga ulikuwa unaingia na yeye anaukaba, na hakuna aliyeweza kuona unakabwa. Wangeona tu mama anatembea.

Zilihitajika hatua nne. Akapita uzi mwembamba, ule wa tatu na nusu, na kidole kikasimama.

Duara lilisema nusu imebaki. Mpwa aliliona, bega lake liliinuka. Mimi nilingoja. Tangu ujana sijawahi kumwona akiiacha nusu, na nilikuwa naingoja ile sauti inayokuja baada ya kila mtu kuridhika. Haikuja. Mama akavuka kizingiti, kingo za mabega yake zikaanza kuyeyuka kwenye jua, barabara mbele yake ikawa nyeupe zaidi ya inavyopaswa, na akaenda, akawa mstari, akawa hayupo.

Mmoja wa wenye makoti akakohoa.

"Hiyo hiyo," mwongozaji alisema. "Sitaki nyingine."

Shemeji alitaka kurudia. Alikataliwa. Wenye studio walimpa mkono mmoja baada ya mwingine, na mwongozaji akawaambia, mbele yake, kwamba filamu yote iliyobaki ni ya mzee huyu.

Nilijua kwa nini ile nusu imebaki. Kwa jicho lake, barabara ile haikuwa imezidi. Aya hii nayo nimeizuia.

17 Aprili

Mvua. Alikosa, akanunua.

30 Aprili

Tukio la mwisho limepigwa. Jioni aliwaambia wote kuhusu jicho, akiwa amesimama, mfuko wa lenzi mkononi. Mwongozaji alikaa kwenye sanduku. Fundi taa alisema kumbe hata yeye amekuwa akitupiwa salamu kwa kukisia. Mpwa alinitazama mimi, si yeye.

Nilimpa kurasa nilizozizuia. Amezisoma papo hapo, amesimama, kisha akaniuliza kwa nini sikumwamini. Nilimjibu kwamba angejua, angemtengenezea fimbo ya mgonjwa, na wengine wangeendelea na vidhibiti vya kioo. Kwa kutojua ametengeneza pete ya kila mpiga picha. Alisema hoja ni nzuri na kwamba bado amekasirika. Yote mawili ni haki yake.

4 Mei

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Nimekwenda kumwona. Amelalamika kwamba ukuta wake una madoa na hakuna aliyemwambia.

21 Mei

Mvua zimekwisha. Daktari amemruhusu shemeji kutoka, na mwongozaji ametualika studio kutazama tukio la mama kabla halijapelekwa kuunganishwa. Tulikaa wanne: yeye, mimi, mpwa na mwongozaji. Taa zikazimwa.

Alitazama mpaka mwisho. Mama alipoyeyuka mlangoni, aliinamia mbele, na mkono wake wa kushoto, uliokuwa gotini, ukajikunja kidole gumba.

"Imezidi nusu," alisema.

Mpwa alijongea kwenye meza na kuweka mkono juu ya pete. Akaeleza kwa sauti ndogo kwamba kila kitu kimehifadhiwa, hakuna kilichoungua kama kwenye filamu. Ni kuizungusha mpaka uzi unaofuata na nusu ile itaondoka, kana kwamba haikuwapo. Nilijua mwongozaji anataka ibaki ilivyo, lakini hakulazimisha. Aliirudisha picha mwanzo.

Shemeji alitazama tena. Safari hii alifunika jicho lililotibiwa kwa kiganja, akatazama kwa lile jingine ambalo bado halijafanyiwa. Mama akatembea. Mlango ukafunguka.

Akateremsha kiganja.

"Iache," alisema. "Ndivyo nilivyomwona."

Mpwa akaondoa mkono kwenye pete.

Nje jua lilikuwa kali na bati linafuka mvuke. Tulisimama mahali petu. Nilikisia kwanza. Yeye akatazama juu, akakunja uso, kwa mara ya kwanza msimu huu, akakisia. Tukatoa kipima mwanga. Sindano ilikaa juu ya namba yake kama imeitwa.

Nimenunua chai. Alionja, akamrudishia muuzaji, akamwambia sukari ipungue nusu.